Walichobakiza Mchwa

Nilishika mpini wa sanduku la mama
ukabaki mkononi,
na ubavu ukamwagika kama unga wa ulezi.

Mbokomu, Jumanne. Mvua haijaamua.
Kaka Aminieli kasimama mlangoni na viatu vyake vya Dar,
akauliza, "Hati ipo?"
Hakuuliza kingine.

Hati ilikuwapo. Tuseme ilikuwapo.
Mchwa walianzia pembeni, kwa adabu,
wakala muhuri wa kijiji,
wakala "mipaka ya shamba ni kama ifuatavyo,"
wakala kaskazini, wakala mfereji,
wakala jina la jirani, mzee Kilewo,
na mashahidi watatu, hata yule wa dole gumba.
Wino hauna uchungu kinywani mwao.
Pini tu ndizo walizorudisha:
tano, zenye kutu, juu ya udongo,
kama meno ya mtoto.

Nyumba hii tumezoea kuliwa kidogo kidogo.
Dumuzi alikula mahindi, tukasonga ugali wa vumbi lake;
mama alimwita Skania, kwa jinsi anavyobeba.
Fukusi wa maharage aliwapepeta juani,
na aliyegoma kutoka, alisema, huyo ni mboga.
Bakuli la sukari lilisimama ndani ya sahani ya maji
na bado sisimizi walivuka
juu ya migongo ya wenzao waliozama.
Nondo walitoboa koti la baba kwapani tu.
Nadhani ni chumvi.
Siafu walikodi nyumba usiku mmoja.
Tulirudi asubuhi: hakuna mende, hakuna panya,
na kuku aliyekuwa akilalia mayai, manyoya.

Hatukumshitaki mdudu.

Sasa kaka anahesabu pini.
"Hamkuweka dawa?"
Ananiuliza kwa wingi,
kana kwamba nilikuwa na watu humu.
Namwambia mama alimwaga majivu na mafuta ya taa
kila Jumamosi, mpaka mgongo ulipokataa.
Wewe ulikuwa wapi, hilo sikulisema.
Nililiacha sakafuni, karibu na pini.

Chini kabisa, mfuko wa nailoni uliofungwa fundo mbili.
Nailoni iliwashinda.
Ndani, kadi ya kliniki: Aminieli, sabini na nne,
kilo mbili kasorobo,
na ukingoni, kwa penseli, mwandiko wa mama:
Leo amenyonya.

Kaka akaisoma. Akaigeuza, nyuma hapana kitu.
Akatoka nayo hadi kwenye mstari wa masale,
ambao ndio mpaka, na ulikuwa mpaka
kabla karatasi haijapanda mlima huu.
Alikaa huko muda mrefu. Mvua ikaamua.

Mimi niliweka sikio kwenye mwimo wa mlango.
Wapo.
Wanaendelea.