Njia ya Ndoo

Siku ya kwanza tulikwenda na panga mbili
na shoka la kuazima. Tukafika hatua arobaini.
Upupu ukatushinda, tukarudi Newala mjini
tunajikuna mbele za watu bila aibu.

Likapa alikuwa na ramani ya penseli
nyuma ya stakabadhi ya ghala la korosho.
Mimi nilikuwa na goti langu la kushoto
ambalo bado linaikumbuka kila kona:
nilikuwa na miaka kumi na miwili,
nikiwabebea warukaji mabomba ya alumini,
shilingi hamsini bomba, mia kwa turubai,
toka barabarani hadi ukingoni,
pale uwanda unapokatika ghafla
kama mtu aliyesahau neno,
na chini kabisa Ruvuma ni uzi tu,
na ng'ambo ya uzi, nchi ya wenzetu.

Waliruka misimu mitatu. Nilidhani ni milele.
Kisha mmoja akashukia mihogo ya watu,
mwingine akavunja tawi la mkorosho wenye maua,
maneno yakawa mengi, fidia ikawa haba,
na Bi Somoe Nachilima akapanda mkonge
kukatiza njia, mstari mmoja, mnene.
Miaka ishirini na sita.
Mkonge ule sasa una wajukuu.

Siku ya tatu tukamkuta mwenyewe
amekalia debe, anabangua korosho,
vidole vimepakwa majivu
ili mafuta ya ganda yasimuunguze.
Likapa akaeleza: mabawa, vijana, wageni,
kiingilio, asilimia kumi ya kijiji.
Alieleza vizuri. Alikuwa na karatasi.
Bi Somoe akabangua nyingine tatu, akauliza,
"Njia hiyo mnaijua jina?"

Sisi tuliita Njia ya Warukaji.

"Njia ya Ndoo," akasema. "Kabla ya bomba la mradi.
Tulishuka saa tisa za usiku, mimi na mama
na mama wa kila mtu, hadi kisimani bondeni,
tukapanda na jua visogoni.
Pale mnaporukia ninyi
ndipo tulipokuwa tukitua sisi.
Mnadhani nani alipasawazisha?
Matako yetu."

Nilicheka. Likapa akaikunja karatasi.

Kumbe haikuwa mihogo, wala tawi.
Wale wa zamani walipaka rangi kwenye jiwe,
jina la klabu yao, herufi nyekundu,
na mwaka, kana kwamba jiwe lilizaliwa siku ile.

Masharti yake yalikuwa machache.
Mikorosho ikitoa maua, hapiti mtu.
Salfa ikipulizwa, hapiti mtu.
Kibao kikiandikwa, ndoo itangulie.
"Na pesa?" Likapa akauliza kwa sauti ndogo.
"Nani kakwambia pesa nimekataa?"

Tuling'oa mkonge siku nne. Mikono ilivimba.
Yeye alikuja siku ya mwisho na jembe lake,
akang'oa shina moja, lile la katikati,
akarudi zake jikoni.

Asubuhi ya kujaribu kulikuwa na ukungu.
Dismasi, kijana wetu wa Kitangari,
alilifunga bawa akalifungua, akalifunga tena.
Akaomba kitambaa cha kusomea upepo.
Hatukuwa nacho. Tulikuwa na karatasi za kila ofisi,
kitambaa hatukuwa nacho.

Bi Somoe akaivua kanga yake ya begani,
kuukuu, KWANGU HUPATI NAFASI PITA ZAKO,
akaitia meno, akachana kipande,
akakifunga mwenyewe kwenye ufito.

Ukungu ukapasuka. Pumzi ya bonde
ikapanda jabali, ya moto kidogo,
ina harufu ya majani yaliyochomwa.
Kitambaa kikanyooka kuelekea kwetu,
nasi tukakisoma, kila mtu kimoyomoyo:
PITA ZAKO.

Dismasi akashika vyuma, akatutazama.
Bi Somoe alikuwa amekwisha kukaa,
pembeni, mahali pake,
akijisogeza kushoto, kulia,
mpaka ardhi ilipomkumbuka.