Daftari la Kapepula

Daftari la babu bado linanuka moshi.
Jalada limekunywa mafuta ya samaki
hata panya wa Kamalondo
wameling'ata miaka arobaini, hawajalimaliza.

Upande wa kushoto, madeni:
"Mama Chola, kilo tatu, faranga sita.
Kapita wa reli, kilo moja. Amesema kesho."
Upande wa kulia, kwa wino uleule:
"Mpira mmoja wa ngozi, umeshonwa upya.
Soksi jozi kumi na moja. Golikipa hataki soksi."

Babu hakucheza hata dakika moja.
Kamio lilimvunja mguu barabara ya Kasenga,
mwaka wa mvua nyingi, ukaunga upogo.
Lakini usiku wa Jumamosi alikesha
akipanga mawinga kwa magamba juu ya meza:
Kyungu huku, Kabange kule,
mapacha waliokimbia kama wameibiana shati.

Uwanja ulikuwa vumbi jeusi
lililoshuka kutoka bomba la kiwanda cha shaba.
Chokaa hakuna. Mistari walichora
kwa chumvi ya kukaushia samaki,
ndiyo maana mbuzi walikuja kulamba kona
na mwamuzi akasimamisha mchezo mara mbili.

Wapinzani wakazomea: Wasamaki! Wasamaki!
Jezi zilinuka, kweli; zilisafiri
katika magunia yaleyale ya Luapula.
Babu akachechemea hadi kwa fundi Ngosa,
akaagiza samaki mweupe kifuani, kila jezi,
mdomo wazi,
kana kwamba naye anazomea.

Ukurasa wa arobaini na moja nimeusoma hadi umelegea.
"Nkonkole, golikipa. Kilo kumi na mbili.
Mke amejifungua. Faranga ishirini na nne."
Chini yake, mkono umetetemeka kidogo:
"Penalti moja, dakika ya mwisho. Amelipa."

Bibi alisema hesabu ile ndiyo iliyomfilisi.
Kila Jumatatu walipanga foleni dukani
mabeki wenye magoti yaliyochubuka,
wakidai kwamba bao walilozuia lina bei.
Naye, juu ya kreti lake: "Mupira kwanza, deni nyuma,"
na mizani ikajifunza kudanganya
kwa faida ya mwenye njaa.

Duka sasa linauza vocha za simu.
Klabu imekufa, au imebadili jina;
niliowauliza wote walikuwa na haraka.
Mimi ni mhasibu. Najumlisha kwa mashine.
Mara tatu nimejaribu kufunga hesabu za Kapepula,
na kila mara kuna kinachobaki:
faranga ishirini na nne,
na mtu mrefu asiye na soksi
anayeruka
upande wa kulia.