Pezi

Alfajiri, mnadani Feri, naomba pezi la changu,
kipande sawa na ukucha wa mtoto.
Nakitosa kichupani, naandika:
Mafia, wa thelathini na moja.
Dalali Mwinshehe anacheka:
«Dada, nyama unatuachia, unaondoka na kipepeo?»
Sina jibu fupi.

Mlimani, maabara. Alama za vinasaba tumebuni arobaini;
ishirini na nane bubu,
tatu zinasema uongo,
ya kumi na saba inasitasita
kama mgeni aliyeulizwa kwao wapi.
Umeme unakatika.
Nakumbatia boksi la barafu gizani,
nawahesabu samaki ambao sijawahi kuwaona wakiogelea.

Usiku wa nne mistari inajitokeza:
wa Mafia, wa Kunduchi, ngazi zilezile.
Ukoo mmoja; maji hayakuwatenga.

Narudi Feri kumwambia.
Mwinshehe anatazama mafungu yake mawili,
la Mafia ghali, la Kunduchi rahisi.
«Usiseme kwa sauti,» ananong'ona,
akifuta mizani kwa kitambaa.

Changu wa thelathini na mbili
alikuwa na mayai.
Kwenye daftari hakuna safu ya hilo.
Nimeliandika pembeni, kwa penseli.