Sehemu za Mia

Machi, Ostrovačice. Theluji imegeuka tope.
Vendelín anaingia na diski mbili ndani ya taulo la kuogea,
kama mtu aliyeokota paka barabarani.
"Zinatetemeka," anasema. "Nikikanyaga breki kabla ya kona ya tatu
usukani unanichezea mikononi, meno yanagongana.
Zikereze, Bohumila. Jumamosi nina mbio."

Sijibu. Chuma kwanza, mdomo baadaye.
Nazipangusa. Madoa ya samawati
pale joto lilipokaa likasahau kuondoka,
na michirizi ambayo ukucha huisoma kabla ya jicho.
Ukingoni, tarakimu zilizogongwa kiwandani:
unene wa mwisho, milimita thelathini.
Mikrometa yangu inasema thelathini, nukta tatu sita.
Huo ndio uhai uliobaki.

Mashine hii ilikuwa ya kiwanda cha matrekta.
Kilipofungwa, kaka yangu Otakar aliinunua kwa bei ya chakavu,
akaileta usiku kwa lori la maziwa, akanifundisha
kukereza kabla sijajua kuendesha.
Kelele za miaka arobaini zimemla masikio.
Siku hizi huja, huketi juu ya ndoo,
huegemeza mpini wa ufagio kwenye mashine,
ncha ya pili akaibana kwa meno,
na hivyo husikia.

Naifunga diski. Naizungusha polepole.
Kisu kinagusa, kinaacha. Kinagusa, kinaacha.
Sss, kimya. Sss, kimya.
Kama mtu mwenye neno, anajizuia.
Ubovu umo mle kimyani.
Naingiza sehemu tano za mia, huku na huku.
Chuma cha kusubu hakitoi nyuzi ndefu zinazong'aa;
hutoa vumbi jeusi, likaingia kwenye mikunjo ya viganja
likakaa hadi Pasaka.
Otakar, macho kayafumba, anainua kidole:
bado.
Tano nyingine.
Sasa sauti ni moja, ndefu, haina tundu.
Anashusha kidole.

Ningeweza kupokea hela, nikasema kwaheri.
Lakini ni mara ya tatu hii tangu Septemba.
Kila mara zinatoka kwangu zimenyooka,
kila mara zinarudi na kigugumizi kile kile,
na chuma si mtu, hakirudii kosa bila sababu.
"Gari liko wapi?"

Liko nje, juu ya trela, magurudumu ya mbele yameng'olewa.
Nachuchumaa. Goti linalia.
Namulika kitovu cha gurudumu, pale diski inapoegemea,
pale ambapo hakuna anayetazama kwa kuwa diski hupafunika,
na hapo, limeganda, gamba la kutu
dogo kuliko punje ya dengu.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Mara tatu nimeikwangua uso diski
iliyokuwa ikisukumwa mgongoni.
Sehemu sitini za mia: nimezikata mimi,
kwa ustadi, kwa kisu kikali,
nikazitupa kwenye ndoo anayoikalia kaka yangu.

Nasugua kwa brashi ya waya mpaka kitovu kinang'aa.
Vendelín anauliza ni kiasi gani.
"Ya leo ulipe. Za nyuma mbili nakurudishia."
Ananitazama kama nimemsemesha Kihangari.
Juu ya kofia ya diski naandika kwa wino: 30.16.
Chini yake: *hapana tena*.
"Zikirudi kutetemeka?"
"Usiniletee hizi. Niletee gari."

Anaondoka, taulo begani, jeusi sasa,
mama yake atalikasirikia.
Nazima mashine. Otakar haoni haja ya kuuliza;
aliona nilivyoinuka kule nje, polepole, bila kujifuta magoti.
Anaugeuza ufagio,
wenye alama za meno yake juu ya mpini,
anaanza kufagia.