Mifano Iliyokuja na Beji

Niliinunua Luthuli, ghorofa ya pili, kwa Gathogo
anayeuza vitu ambavyo hata yeye hajui kazi yake.
"Hii ni beji," akasema. "Ina kompyuta ndani, ndogo kama njegere.
Uso wake ni karatasi, ila si karatasi."
Tukapatana mia tisa, kebo juu yake.

Usiku huo, chumbani Kaloleni, nikafungua mifano.
Kila kifaa huja na mifano, kama mgeni na salamu:
saa ya mishale isiyojua ni saa ngapi mpaka uiambie,
picha ya paka, kitabu chenye ukurasa mmoja,
"Hujambo, dunia," kwa herufi za kupinda.
Na orodha: maziwa, mayai, mkate,
kila kimoja na kijisanduku cha kutia alama.

Mama akachungulia, vidole vikinuka vitunguu.
"Ni nani huyu anayesahau mkate?"
"Ni mfano tu, Mama."
"Basi mfano wangu ni huu. Andika.
Achoki wa hoteli, mia tatu hamsini.
Fundi Nzuki, mia moja, tangu Pasaka.
Yule dada wa chipsi, jina simjui,
andika Chipsi: elfu moja na ishirini."

Nikafuta maziwa, nikaandika madeni.
Programu haikuuliza. Mstari ni mstari.

Asubuhi akaitundika Marikiti, msumarini, juu ya gunia.
Stima ilikuwa imepotea tangu alfajiri
na betri nilikuwa nimeisahau nyumbani, kando ya jiko.
Nikakimbia kuifuata, nikijua nitakuta uso mtupu.
Niliporudi, madeni yalikuwa palepale, meusi tii.
Wino huu hutaka umeme wa kuandikia tu;
wa kukumbukia hauutaki.
(Mama alikuwa hivyo kabla ya beji.)

Saa nne Achoki akafika, akasoma jina lake,
akacheka, akageuka kuona nani mwingine anasoma,
kisha akalipa kwa simu bila kutaja bei ya jana.
"Nitoe," akasema. "Nitoe sasa hivi."

Nikachomeka betri, nikabonyeza kitufe.
Jina likaondoka. Lakini ukitazama kwa upande,
kwenye mwanga unaopenya tundu la bati,
Achoki alikuwa bado yumo, kijivu,
kama alama ya kikombe mezani.

"Si nimelipa!"
"Umelipa," Mama akasema. "Hiyo inakumbuka ulichelewa."

Ikabidi nieleze, huku mkokoteni wa kabeji ukitupigia kelele tupishe:
haitoshi kuandika juu ya kilichoandikwa.
Kufuta kabisa, uso mzima uwe mweusi kwanza,
uwe mweupe, uwe mweusi tena, ndipo utulie.
Nikaongeza mistari mitatu ya programu.
Beji ikapepesa kama jicho lililoingia pilipili,
na Achoki akaondoka akiwa safi, bila salamu.

Mama akamenya kitunguu ambacho hakuna aliyekiagiza.
"Na ule mfano mwingine? Wa jina."

Ulikuwa wa kwanza kabisa, nami niliuruka:
JINA LAKO HAPA, herufi kubwa, fremu pande zote.
Nikaandika anavyoitwa na soko zima, Mama Kyengo.
Akaisoma, kisu mkononi.
"Kyengo ni wewe.
Hapa mimi niko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikafuta herufi moja moja,
nikaandika S, nikaandika y, nikasita kidogo
kama mtu anayeandika jina la mwalimu ubaoni.
Syombua.
Safari hii sikuitia giza kwanza.
Ukiinamisha beji, chini ya jina lake,
mimi bado nasomeka.

Akaivaa shingoni, juu ya aproni.
Mteja wa kwanza akasimama, akakodoa macho,
akapima vitunguu kwa kiganja:
"Na hii Syombua, mama, ni kilo pesa ngapi?"