Kizibao

Sista Agapita ndiye aliyenivalisha mara ya kwanza,
Ndanda, kitanda namba kumi na saba,
akizifunga kulabu kutoka chini:
moja, mbili, tatu, pumua kwanza, nne.
"Usiku na mchana, mama. Ukienda kuoga ndiyo uvue.
Vidole vikifa ganzi, legeza. Usijifanye shujaa."

Kwenye pakiti waliandika: rangi ya ngozi.
Ngozi ya nani? Wodi nzima hatukumpata.
Tulicheka, mimi na mama wa kitanda cha pili,
huku tumejikumbatia mbavu,
maana kicheko nacho kinapita kwenye mshono.

Kupanda Newala kuna makona.
Nilibana mto kwapani,
chupa ya mrija nimeifunika kanga
kama muuza uraka aliyeona askari.
Gari likirushwa, kizibao kinanidaka
kabla sijasema "mama yangu!"

Nyumbani ni Oktoba. Mabibo yanaoza chini ya mikorosho,
nzi wamelewa, jasho linatambaa mgongoni.
Kizibao kimoja, na ndoo ya maji kwa pesa.
Nikakifua usiku, nikakivaa asubuhi kibichi,
siku ya nne nikaenda kwa fundi Nangomwa
anayeshona sare za shule.

Alinipima juu ya kanga, macho kwenye tepu.
Kushoto akaandika namba.
Kulia penseli ikabaki hewani.
"Andika ulichopima," nikamwambia.
Akaandika.
"Nibane kiasi gani?"
Nilifikiri.
"Kama unavyoshika kifaranga.
Asichoropoke, asife."

Alikishona kinyumenyume, mishono yote nje,
ndani pamba tupu, laini, pasipo pa kuuma kovu.
"Miaka ishirini na sita," akasema,
"sijawahi kumvisha mtu nguo upande wa bitana."
Akaongeza mfuko mdogo kulia, kwa ndani,
bila kusema wa nini. Na mimi sikuuliza.

Mume wangu Hashimu anafunga kulabu alfajiri.
Vidole vyake vina makovu ya mafuta ya korosho,
havihisi vitu vidogo.
Jumanne aliruka moja,
nikashinda upande upande kama mlango mbovu.
Sikumwambia. Jioni aliona mwenyewe,
akatoka nje, akakata kuni ambazo hatukuzihitaji.

Halafu akaja Bi Somoe, kungwi wangu,
na ming'oko ya kuchemsha ndani ya kitambaa.
Yeye ndiye aliyenifunda namna ya kuyafunika,
ya kunyonyesha, ya kukanda yakijaa.
Kila kitu kilikuwa na wimbo wake.
"Fungua nione," akasema.
Akaona.
Akamenya ming'oko miwili, wa kwangu na wake.
"Hili sikukufunda," akasema. "Haya, nifunde wewe."
Nikamfundisha: anzia chini, usivute,
hakikisha nguo haikujikunja kwapani,
nne ndiyo ngumu.
Alihesabu kwa Kimakonde, polepole,
na alipofika ya nne akaniambia nipumue
kana kwamba alikuwepo Ndanda.

Ukutani nimechora mistari ya mkaa.
Kila asubuhi vidole vinapanda kama buibui mzee.
Wiki iliyopita viliishia kwenye msumari wa kalenda.
Leo vimegusa juu ya kalenda, mwezi wenyewe,
vikarudi mbio.

Sasa nikivua ili nioge
ngozi inabaki na michirizi ya nguo,
kama mkeka umelaliwa.
Nasimama uani na kata ya maji, mwepesi kupita kiasi,
na hofu kidogo, kama nitamwagika.
Namwaga maji upande wa kushoto. Kisha wa kulia.
Nilidhani yangeumiza. Ni maji tu.

Kulabu nafunga mwenyewe siku hizi, zote,
na ile ya nne.
Mama wa kitanda cha pili amepiga simu, anasema
usufi unafaa kujaza mfuko, ukichambuliwa mbegu.
Nitautafuta.
Kwa leo mfukoni mna elfu mbili ya maji,
na muuza maji anashangaa
inatoka wapi ikiwa na joto.