Karani Anakili Ushahidi

Hepzibah Crouch, mshika funguo, ameandika kurasa kumi na moja
na katika zote mlango wa bustani ulikuwa umefungwa.
Daktari Thirkell ameandika mbili. Kwake ulikuwa wazi,
upepo wa Yorkshire ukiuchezea kama ulimi kwenye jino bovu.
Shajara ya marehemu haitaji mlango.
Inasema chai ilikuwa chungu, inasema Jumanne,
kisha imechanwa.

Nami, Josiah Pym, karani wa wakili,
shilingi kumi na tano kwa wiki, vidole vyeusi kwa wino,
nawanakili wote kwa mwandiko mmoja.
Ndiyo kazi: vinywa vitano, mkono mmoja.
Njia ya mwongo ni fupi, wanasema.
Hii imefika ukurasa wa tisini.

Usiku wa manane, mshumaa umebaki kidole,
nimefika kwa Tabitha, kijakazi wa jikoni.
Hajui kuandika. Walimwuliza maswali matatu
wakamwachia nafasi ya kutia alama: X,
imekwaruza karatasi nusura iitoboe.
“Sikuona kitu chochote cha kutiliwa shaka,”
wamemwandikia, kwa sarufi
isiyopikwa jikoni.

Nimeitazama ile alama.
Mistari miwili, na imekutana.
Wale wengine hawajakutana popote.

Kesho wakili atataka nakala isiyo na doa.
Nimejaribu kuiiga mara tatu;
inatoka nadhifu, inatoka uongo.
Basi nimeikata ya kwake kwa wembe,
nikaibandika.

Sasa nami nina la kuulizwa.